Kiwanja cha Picha

Mzee alishuka, akalizunguka gari lote, akakanyaga ardhi kwa kisigino kama mtu anayepima tope, ndipo akaniuliza: "Baba Neema, hiki kiwanja alikukagulia nani?"

Ilikuwa imeshapita saa tatu na nusu usiku na bado kulikuwa na mwanga, maana kaskazini mwa Minnesota, Marekani, jua la Juni linazama saa tatu na robo. Nyuma yangu RV, gari-nyumba la kukodi la futi 28, lilikuwa linaunguruma, ndani yake mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe ambaye rozari haijamtoka mkononi tangu mji wa Brainerd. Mbele yangu kulikuwa na kiwanja chetu cha kambi, kipande cha changarawe kilichobanwa na misonobari pande tatu, kimeinama kuelekea ziwani kama sahani ya mtu anayemalizia mchuzi. Sikuwa na jibu la kumpa baba mkwe. Kiwanja nilikikagua mwenyewe, kwa simu, nikiwa kwenye kochi nyumbani Brooklyn Park, mkono mmoja kwenye bakuli la karanga.

Na sisi tulio huku viwanja vya picha tunavijua. Kila ukoo una ndugu aliyetuma dola zake Kigamboni anunuliwe kiwanja, akarudishiwa picha ya mikorosho, akaenda likizo akakuta ni mkondo wa maji. Watu hao huwa nawacheka sana.

Msitu wa Taifa wa Chippewa una maziwa zaidi ya 1,300, mimi nikachagua kambi upande wa Leech Lake, yaani Ziwa la Ruba. (Nilipomtafsiria mama mkwe jina hilo, alirudisha viatu vyake vya kuogelea kwenye begi na hakuvitoa tena.) Nilichochagulia ni picha: ziwa, machweo, hema la rangi ya chungwa. Zilikuwa picha kumi na moja, zote za mahema, wala moja haina RV. Laiti ningejiuliza kwa nini. Kambi ambayo magari makubwa yanaingia, utayaona pichani. Usipoyaona kuna sababu, na sababu hiyo kwa kawaida ni mti.

Halafu kuna swali la urefu. Mfumo wa kuweka nafasi uliniuliza gari lina futi ngapi. Nikaandika 28, ukagoma: mwisho 22. Nikaandika 22, ukakubali mara moja, ukanishukuru. Nilijiona mjanja kama sungura. Kumbe futi zile 22 ndizo zilizopo kutoka gogo la mwisho hadi ukingo wa barabara, na hazikubali kuongezwa kwa maneno matamu. Futi sita zinazobaki zinalala njiani, na njia ya kambi ya msituni ni ya upande mmoja. Atakayekuja nyuma yako apite wapi?

Kosa la tatu ni neno moja kwenye maelezo ya kambi ambalo nililielewa kama "ya kiasili". Kichwani nikaona makuti na taa za chemli. Kwenye kambi za misitu ya huko neno hilo lina maana tatu, na zote ni za kweli: umeme hakuna, maji ni ya pampu ya mkono, choo ni cha shimo. Kisafi, kina karatasi na mlango unafungwa, lakini ni cha shimo. Mama mkwe alikichungulia, akarudi, akamwambia binti yake kwa sauti ya upole iliyonifikia vizuri: "Nimekalia ndege siku nzima kuja kupiga pampu?"

Sasa kuegesha. Baba mkwe alianza maisha kama utingo wa malori ya Dar na Tunduma, baadaye akawa dereva, na mlima Kitonga ameupanda mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za nyumba yangu. Alipoona nahangaika na vioo hakuuliza kitu. Alivua koti, akampa mkewe, akaenda nyuma ya gari, na miaka arobaini ikamtoka mwilini palepale.

"Njoo! Njoo! Njoo! Kata kulia! Kata yote! Nyosha! Njooo!"

Pa-pa kwenye bodi maana yake endelea. Pa moja, simama. Kambi nzima ilikuwa inajiandaa kulala, kwa sababu saa nne ndiyo saa ya ukimya, na kwenye ukimya ule wa msitu sauti ya utingo wa Makambako ilivuka ziwa, ikagonga ng'ambo, ikaturudia. Tochi zikaanza kuwaka kwenye mahema. Watu wa Minnesota hawafoki. Wanatoka nje, wanasimama na mavazi ya kulalia, wanakutabasamia mpaka unatamani wangefoka.

Rudi ya kwanza iligoma. Nikavuta mbele nikikata kulia ili ninyooshe, ndipo nikasikia: "Mkia! Mkia! Chunga mkia!"

Wasomaji, tuelewane. Niko msituni, giza linaingia, nimetoka kusoma bango la dubu pale getini linaloagiza chakula kifungiwe ndani ya gari. Mtu mzima anapiga kelele kuwa kuna mkia. Niliwaza mnyama kwanza, gari baadaye. Nikakanyaga mafuta ili nimwokoe baba mkwe.

Mkia ulikuwa wa kwetu. Gari hizi kutoka ekseli ya nyuma hadi bampa zina kama futi kumi zinazoning'inia, na ukikata kulia ukienda mbele, sehemu hiyo inatupwa kushoto. Dereva wa gari dogo hana habari hiyo kabisa, kwa sababu mkia wa gari dogo ni mfupi kiasi cha kutokuwa na madhara. Wangu ulikwenda kushoto na kukutana na msonobari mwekundu, ambao ndio mti rasmi wa jimbo la Minnesota. Taa ya nyuma ilianguka kwa heshima zote. Na kutoka gizani ziwani kitu kikacheka, kicheko kirefu cha kupanda na kushuka, kama cha mwendawazimu aliyepata habari njema.

"Fisi," akasema Mzee.

Hakuwa fisi. Alikuwa ndege wa maji anayeitwa loon, ndege rasmi wa jimbo hilohilo. Kwa hiyo ndani ya dakika moja niligonga mti wa jimbo, nikachekwa na ndege wa jimbo.

Tulilala pua ya gari ikiwa njiani, tumeweka viakisi mwanga. Mzee hakukubali zile kabari za plastiki tulizopewa na gari. Alitafuta mawe mawili, akayapiga teke chini ya matairi ya nyuma, akasema hizo nyingine ni za kuchezea watoto. Jenereta ilikuwepo lakini sheria ya saa nne inaihusu na yenyewe, hivyo tukatumia taa za betri na kuumwa na mbu, ambao walipita kwenye nafasi ya wavu wa mlango isiyotosha hata njiti ya kiberiti.

Asubuhi friji ilikuwa ya uvuguvugu. Nikadhani gesi imekwisha. Mzee alichukua chupa ya soda, akailaza mezani, ikajiviringisha yenyewe hadi mlangoni na kutoka nje. "Friji haijaharibika," akasema, "imeinama." Na kweli. Friji za zamani za RV zinazofanya kazi kwa gesi hazina mashine ya kusukuma. Kimiminika chake kinateremka kwenye mabomba kwa uzito wake tu. Gari likiinama sana, kinatuama na baridi inakoma. Ilitakiwa tupandishe matairi ya upande wa chini juu ya vibao kabla ya kufanya chochote, lakini mteremko ule ulikuwa unataka vibao vya urefu wa ngazi. Kilo tatu za mbuzi zikaliwa asubuhi hiyohiyo, zote, kwa uwajibikaji.

Tulihama Jumamosi. Tulipitia Itasca, hifadhi ya jimbo tangu 1891, pale ambapo mto Mississippi unaanzia. Unatoka ziwani kupitia mstari wa mawe na unauvuka kwa miguu. Mzee alivuka, akageuka, akavuka tena, akatuuliza kama huo ndio wenyewe ule wa kwenye ramani. Tukamwambia ndio wenyewe. Akakunja suruali vizuri. "Waulinde," akasema. Hiyo ndiyo saa pekee ya safari ambayo sikuharibu kitu.

Kambi ya pili ilikuwa ya mtu binafsi, nayo nilikuwa nimeilipia kwa picha wiki ileile ya karanga. Hii ilijieleza kuwa na kila kitu: maji, umeme na bomba la maji taka kwenye kiwanja chako. Picha ilionyesha ziwa. Ziwa lilikuwepo, ila picha ilipigwa na droni, na droni haitembei kwa miguu mita mia tano na taulo begani. Jambo jingine ambalo sikuuliza: kambi nyingi za kaskazini zinaishi kwa wapangaji wa msimu mzima, wanaolipia kuanzia Mei hadi maji yanapofungwa Oktoba kabla hayajaganda mabombani. Wamejenga varanda, wana maua, wana vibao vya bati vyenye majina yao. Viwanja vizuri ni vyao. Kinachobaki wazi katikati ya Juni kimebaki wazi kwa kuwa wote wanakijua.

Sisi hatukukijua. Kilikuwa tambarare, kirefu, mti hakuna. Mzee mwenyewe alikipitisha kwa mguu wake. Jioni nikawasha kiyoyozi, mama mkwe akaweka birika la umeme, mke wangu akapasha viazi kwenye maikrowevu. Tap. Giza.

"Na huku kuna mgao?" akauliza Mzee, kwa furaha ambayo nilishindwa kuielewa.

Mgao ulikuwa wa kwetu. Nguzo ya umeme ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600. Kiyoyozi kinachukua kama 1,500, birika 1,500, maikrowevu nyingine 1,500. Kuanzia hapo familia ilipika kwa zamu, na aliyetaka chai alipaza sauti kwanza: "Nazima baridi!"

Tukafika Jumatatu asubuhi, siku ya kuondoka. Hapa naomba anayekula aweke kijiko chini.

Tenki la choo la RV lina koki yake, na kanuni ni kwamba koki hiyo ibaki imefungwa mpaka tenki lifike kama theluthi mbili. Hapo unafungua ghafla, uzito wa maji unazoa kila kitu, halafu unafungua koki ya maji ya kuogea yasafishe mpira wa maji taka, unafunga zote mbili, ndipo unachomoa. Mimi nilipoona bomba la maji taka kiwanjani nilijiambia sasa tuko kama nyumbani. Nikafungua koki ya choo Jumamosi na kuiacha wazi.

Na mdomo wa bomba lile ulisimama juu ya ardhi kiasi cha futi moja, nyuma kidogo, kwenye kituta. Ulikuwa juu kuliko tundu la gari langu. Hii ndiyo siri ambayo wenyeji wote waliijua. Mpira wangu ulipanda mlima, na maji taka hayana habari za kupanda mlima. Kwa siku mbili, watu sita, vitu vilikaa humo vikisubiri. Kipimo cha ukutani kiliniambia kila saa kuwa tenki limejaa. Lakini aliyetukodisha gari alishatuonya kuwa vipimo hivyo vinadanganya, karatasi zikishanasa ndani vinasema "limejaa" maisha yako yote. Basi nikakipuuza siku moja ambayo kiliamua kusema ukweli.

Nilivaa glavu. Miguuni nilivaa yeboyebo. Nikainama, nikashika kifungio cha mpira upande wa gari, nikakizungusha robo duara.

Bomba la inchi tatu halina aibu. Liliongea lote kwa pamoja. Nilichokumbuka kufanya ni kurudisha mpira mahali pake, jambo ambalo haliwezekani, kama kumrudishia mtu maneno mdomoni. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari, kisha sauti ya mama mkwe, mtu ambaye kwa miaka tisa sijawahi hata kukohoa kwa nguvu mbele yake:

"Baba Neema, usigeuke."

Nikashukuru. Mzee ndiye aliyeingia na viatu vyake, akapapasa chini ya gari, akavuta koki ikafunga. Alisimama, akatazama mpira, akatazama kituta, akautazama mdomo wa bomba kwa muda mrefu. "Chemba," akasema taratibu, "wameiweka mlimani."

Ofisi ilileta chokaa na koleo. Jirani mwenye varanda alileta kiti, akakaa, akatabasamu. Tenki lenyewe lilikuwa halijaisha kazi: majimaji yalipotoka, vitu vizito vilibaki chini vikajijenga kichuguu. Ilibidi tulijaze maji nusu, tuendeshe gari barabarani dakika ishirini likiyumbayumba ili livunje kichuguu hicho, na kumwaga kwenye kituo cha kambi kilichokuwa bondeni, mahali panapostahili. Mzee alisisitiza kuendesha. Alichagua kona zote.

Kabla ya kuondoka alitembea zile mita mia tano hadi ziwani na simu yake, akapiga picha moja: maji, mawingu, msonobari mmoja pembeni. Akaituma kwenye kundi la ukoo. Ndani ya dakika tano shemeji yangu wa Columbus, Ohio, alikuwa ameniandikia pembeni. Pazuri mno, kasema, na yeye anataka kupeleka familia Agosti. Namba ya kiwanja ni ngapi, akiwahi?

Nikamtumia namba.