Bondi nne hazitoshi kuieleza kaboni

Muulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini kaboni huunda kampaundi nyingi kiasi kile, naye atakujibu bila kusita kwamba atomi yake ina elektroni nne kwenye obiti ya nje, hivyo hushika bondi nne, yaani viungo vinne vya kuiunganisha na atomi nyingine. Jibu hilo hupewa alama zote, jambo ambalo mimi silikubali, kwa kuwa silikoni nayo ina elektroni nne za nje na hatujaiona ikijenga sukari, mafuta wala protini.

Kwanza kuna nguvu. Kukata bondi ya kaboni kwa kaboni huhitaji takriban kilojuli 348 kwa moli, ilhali ya silikoni kwa silikoni hukatika kwa takriban 222. Silikoni huing'ang'ania zaidi oksijeni, ndiyo sababu tunaikuta mchangani.

Lakini lililo kubwa zaidi ni umbo, na hapo ndipo ufundishaji wetu hupita mbio mno. Bondi moja huziacha atomi zizunguke. Bondi pacha, yaani bondi mbili kati ya atomi zilezile mbili, huzikaza zisigeuke. Chukua asidi ya steariki, mojawapo ya asidi zinazojenga mafuta: kaboni 18 zilizoungana kwa bondi moja moja, mnyororo ulionyooka, molekuli zikabanana kama njiti za kiberiti, hata haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Ondoa haidrojeni mbili tu, moja kwenye kaboni ya 9 na nyingine kwenye ya 10, upate asidi ya oleiki: bondi pacha hupinda mnyororo, molekuli hushindwa kubanana, na kiwango cha kuyeyuka hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Mafuta ya alizeti, ambayo yamejaa asidi zenye bondi pacha za namna hiyo, humiminika hata asubuhi ya baridi ya Iringa, wakati shahamu ya ng'ombe imekwisha kuganda ukingoni mwa sufuria.

Kisha kuna asidi ya elaidiki, ambayo huzalishwa viwandani mafuta ya mimea yanapogandishwa nusunusu kwa haidrojeni, na ambayo ni mojawapo ya mafuta yale ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe katika vyakula kwa ajili ya madhara yake kwa moyo. Atomi zake ni zilezile za asidi ya oleiki, na bondi pacha iko palepale. Ila pande mbili za mnyororo zimeelekea kinyume, mnyororo ukakaribia kunyooka, nayo huyeyuka karibu na nyuzi 45. Aliyekariri bondi nne hana la kusema hapa, maana katika asidi zote tatu kila kaboni ina bondi nne.