Nazi Ipo, Chupa Je? Hesabu za Vipodozi vya Asili Mtwara

Kina mama watano wa Mikindani wameniletea daftari. Mimi si mtaalamu wa biashara. Niliwahi kutengeneza sabuni nikapata hasara, na huku kwetu aliyepata hasara huhesabiwa kuwa ana elimu. Ndani ya daftari kuna andiko la kuombea mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Wanataka kutengeneza vipodozi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa, BIDHAA ZA OGANI ASILIMIA 100, na chini yake bidhaa sita: mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, sabuni ya mwani, krimu ya mshubiri, skrabu ya liwa na mafuta ya midomo ya nta ya nyuki.

Nimekaa na daftari hilo wiki mbili. Asubuhi nalisoma nakubali, jioni nalisoma nakataa.

Kukubali ni rahisi. Minazi imejaa kuanzia Kilwa mpaka Msimbati. Ufuta unalimwa Lindi nzima, Ruangwa, Nachingwea, Liwale, kwa wingi wa kujaza maghala. Mwani unalimwa baharini Mtwara Vijijini na Kilwa, na nta inapatikana kwa wafuga nyuki wa bara. Halafu kuna hofu ya mkorogo, zile krimu za kujichubua, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na zebaki ina mkataba wa dunia nzima, ule wa Minamata wa mwaka 2013, lakini makopo yanaendelea kupita chini ya meza. Kila mtaa una dada mwenye uso mwekundu na vidole vyeusi kwenye viungo. Mtu aliyewahi kuungua hivyo, au aliyemuona shoga yake akiungua, anatafuta kitu ambacho anaweza kumuuliza aliyekitengeneza, "Humu umetia nini?"

Na mila ipo tayari, haihitaji matangazo. Bibi harusi anasingwa, kungwi anajua nini kipakwe wapi, liwa, ule mti wa kunukia, linasuguliwa kwenye jiwe kwa maji kidogo mpaka litoe uji. Ng'ambo ya Ruvuma wanawake wa Kimakua wa pwani ya Msumbiji wanajulikana kwa uso mweupe wa mussiro, mti unaosagwa vilevile. Kikundi hiki kina mama mmoja ambaye ni kungwi, na kwa maoni yangu huyo ana thamani kuliko kurasa zote za daftari. Neno lake moja kwa mwali linauza kuliko bango.

Sasa ile jioni ya kukataa.

Nilikwenda kuwaona wakifanya kazi. Mmoja amekalia mbuzi, anakuna. Wa pili anakanda nazi iliyokunwa kwa maji ya vuguvugu na kukamua kwa kifumbu, tui la kwanza kando, la pili kando. Sufuria ikawekwa jikoni, kuni za mkorosho. Saa nzima hakuna kinachotokea isipokuwa mvuke. Kisha tui likakatika, maji huku, mashapo huku, na ule mchemko mzito ukageuka kuwa mlio mwembamba kama wa kukaanga. Hapo yule mama mkubwa kuliko wote aliinua mkono bila kutazama sufuria. "Toa kuni, mwanangu. Sikiliza, maji yamekwisha." Alikuwa anasikiliza maji. Mafuta yakibaki na maji huchacha baada ya wiki chache, na sikio lake lilifanya kazi ambayo kiwandani hufanywa na mashine.

Nazi 14 zilitoa lita moja, tena si iliyojaa vizuri.

Nikapiga hesabu palepale nyuma ya daftari. Bei ni za mfano, zako zinaweza kuwa nyingine. Nazi kwa shilingi 600, mara 14, ni 8,400. Kuni 1,000. Lita hiyo ukiigawa kwenye chupa kumi za mililita 100, mafuta ya kila chupa yanagharimu 940. Chupa yenyewe, yenye kifuniko kisichovuja, pamoja na lebo isiyofutika ikishikwa na mkono wenye mafuta, iweke 700. Chupa hiyo haitengenezwi Mtwara. Inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na muuzaji wa jumla hakuuzii kumi, anakuuzia katoni. Kwa hiyo kina mama watano wamefanya kazi nusu siku, na karibu nusu ya gharama imekwenda kwa kitu ambacho hawakukigusa.

Ndiyo maana kila nikisikia "malighafi ipo mlangoni" nauliza kuhusu chupa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, magari yalikwama siku kadhaa. Nazi zilikuwepo tele. Mwenye biashara ya namna hii angekaa na mafuta kwenye ndoo.

Hata huo wingi wa malighafi una masharti yake. Nazi hupanda bei Ramadhani, kila nyumba inataka tui. Ufuta ndio wenye mtego zaidi. Mazao haya huku yanauzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, ghalani, kisha mnadani, na mnunuzi mkubwa anachukua kwa tani. Mama mwenye kikundi anayetaka gunia mbili hana kiti kwenye mnada huo. Akienda kununua shambani kwa mkulima, anasogelea kangomba, ule ununuzi wa nje ya mfumo huo, na kangomba ina kesi. Atanunua sokoni kwa kilo, kwa bei ya rejareja, katikati ya mkoa uliojaa ufuta. Niliwaambia mafuta ya ufuta yasiwe bidhaa ya kujitegemea. Yawe ya kuchanganya kwenye sabuni, basi.

Kuna aliyependekeza mafuta ya korosho, maana Mtwara bila korosho ni nini. Hapa sikutaka mjadala. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Watazame wanaobangua kwa mkono, wanavyojipaka majivu au mafuta kabla ya kushika, na vidole vinavyobambuka hata hivyo. Kiini chenyewe kina mafuta mazuri, ila anayekamua kiini cha korosho ili ajipake, mwache, ana pesa za kuchezea.

Sabuni ndiyo bidhaa ninayoitetea zaidi. Haihitaji chupa! Inafungwa kwa karatasi, inapangwa kwenye boksi, haimwagiki ndani ya basi. Mafuta ya nazi yanatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Lakini sabuni ya nazi tupu inakausha ngozi, hivyo ufuta uingie, na kostiki soda ipunguzwe kidogo ili mafuta mengine yabaki bila kugeuka sabuni. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula takribani gramu 180 za soda ili igeuke yote. Kina mama wanapima kwa kikombe cha chai. Nilishtuka. Kikombe kimoja kimejaa, kingine kimepungua kidogo, na tofauti hiyo inatosha kuunguza mtoto. Kitu cha kwanza cha kununua kwa fedha za mkopo ni mizani ya gramu, kabla ya fulana za kikundi. (Fulana zilikuwa kwenye bajeti, tena ukurasa wa pili.) Kisha sabuni ikae wiki nne mpaka sita ikauke kabla ya kuuzwa, na hizo ni wiki ambazo fedha imelala rafuni huku marejesho yanasubiri.

Mwani ndani ya sabuni? Wanawake wa Paje, Zanzibar, wameifanya kazi hiyo ikajulikana. Ila Paje ina watalii mlangoni. Mikindani ina watalii wachache wanaokuja kuona majengo ya kale. Bei ya Paje haiwezi kuhamishwa kwa jahazi. Watie mwani kwa sababu unasugua vizuri na umelimwa na jirani yao, wasiupangie bei ya dola.

Krimu ya mshubiri niliifuta kwa kalamu, na hapa nasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka wa hasara yangu nilitengeneza vikopo 40 vya krimu hiyo. Nilisaga mshubiri mbichi, nikapiga na mafuta ya nazi na nta, nikatia vitamini E kwa sababu niliambiwa inahifadhi. Krimu ilikuwa laini, rangi ya maziwa, inanukia. Siku ya tisa mteja wangu, mwalimu, aliniita dukani kwake akafungua kikopo bila kusema neno. Juu kulikuwa na manyoya ya kijani. Vitamini E inazuia mafuta yasichache, haizuii ukungu wala bakteria. Chochote chenye maji ndani yake, iwe krimu au losheni, kinataka kihifadhi cha kweli kilichopimwa, na mara nyingi hicho ni kemikali ya dukani. Hapo neno "asili" linaanza kuyumba. Mafuta, nta na sabuni havina tatizo hilo, ilimradi visiingiwe na maji.

Skrabu ya liwa iuzwe ikiwa unga mkavu, mteja achanganye maji mwenyewe kama bibi yake alivyofanya. Mafuta ya midomo ni rahisi: nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa joto letu ni kimiminika karibu mwaka mzima, nta ndiyo inayoyashikilia. Wakumbuke tu kumwandikia mteja wa Njombe kwamba mafuta ya chupa yataganda kule kwenye baridi na hayajachakachuliwa.

Sasa hilo neno OGANI. Hapa tulibishana, kwa heshima lakini kwa sauti. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: minazi hii hakuna aliyewahi kuitia mbolea wala dawa. Kweli. Lakini minazi mingi huku imesimama ndani ya mashamba ya mikorosho, na mikorosho hupuliziwa kila msimu dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Salfa ya unga peke yake hata kilimo hai, ndicho hicho cha ogani, huiruhusu kwa masharti. Viuatilifu vya maji ni habari nyingine, na upepo hauulizi mpaka wa shamba ni wapi. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007, na ina alama yake, Kilimohai. Anayetaka kuandika ogani anapaswa kuwa na shamba lililokaguliwa, ama na kampuni ya ukaguzi ama kwa utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe. Kikundi kinachonunua nazi sokoni hakiwezi kulithibitisha hilo. Kiandike "mafuta ya nazi, hakuna kilichoongezwa", na kitakuwa kimesema kweli.

Vilevile wafute "inatibu chunusi, fangasi na mabaka". Ukisema kipodozi kinatibu, umekigeuza dawa, na dawa ina mlango mwingine. Vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho, na kuna nafuu ya ada. Nafuu hiyo haiondoi kazi yenyewe: chumba cha kutengenezea kisiwe jiko la kupikia ugali, kila toleo liwe na namba na tarehe, sampuli ziende kupimwa.

"Mbona mkorogo unauzwa bila hiyo TBS?" aliuliza mdogo wao. Sikuwa na jibu zuri. Ni kweli anayefuata sheria analipa, na anayeuza sumu halipi kitu mpaka akamatwe. Nilichomwambia ni kwamba duka la dawa na hoteli hawatapokea mzigo usio na alama, na mteja aliyeungua mara moja ameshajifunza kugeuza chupa kusoma nyuma. Alitikisa kichwa. Sidhani kama nilimridhisha.

Nikipima yote, biashara hii nasema ifanyike, lakini si hii iliyoandikwa. Wanaosema soko liko Dar nadhani wanakosea nusu. Mtwara ina watumishi, wanachuo, wauguzi, na kuanzia Oktoba ina fedha za korosho. Msimu huo harusi na ngoma hufuatana, na mwali hapakwi mafuta ya kubahatisha. Agosti kuna Nanenane viwanja vya Ngongo, Lindi. Kikundi cha watu watano kinaweza kuishi kwa miezi hiyo kikijua kwamba Machi itakuwa kavu kwa fedha. Kisichowezekana ni marejesho ya mkopo yanayodai kiasi kilekile Machi na Novemba. Hilo walizungumze na afisa maendeleo kabla ya kusaini. Sikuliona popote kwenye andiko.

Juzi daftari lilirudi. Krimu haipo. Fulana hazipo. OGANI imekatwa kwa mstari, ila mwembamba, bado inasomeka. Kwenye bajeti wameandika mizani, karatasi za kufungia, na katoni mbili za chupa zifike Septemba, kabla ya mvua. Pembeni mwandiko wa yule mama wa sikio umeuliza: "Chupa za katoni moja zikivunjika njiani nani analipa?"