Chombo chetu, mashine yao

Ijumaa ile, Novemba 21, 2025, mpwa wangu anayefanya kazi Dubai alituma video kwenye group la ukoo. Ndege ndogo ya kijivu inageuka angani, inashuka, inazidi kushuka, halafu moto, halafu moshi mweusi. Ilikuwa Tejas, ndege ya kivita ya India, siku ya mwisho ya maonyesho ya anga ya Dubai. Rubani hakutoka.

Sijamaliza kuitazama mara ya pili, binamu yangu mmoja keshaandika: "Injini ya Mmarekani, rada ya Muisraeli, kiti cha Mwingereza, halafu wanasema wametengeneza ndege. Siku hizi kushona viraka nako ni kutengeneza?" Vikafuata vikatuni vya kucheka. Vilikuwa tisa. Nilivihesabu kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikutaka kujibu nikiwa na hasira.

Ajali yenyewe siigusi. Mtu amekufa akiwa kazini, ana wazazi, ana watu wake. Pale palihitajika pole, basi. Kilichonikaa kooni ni hilo neno viraka. Na kwa bahati mbaya binamu hakusema uongo: injini ya Tejas ni F404 ya General Electric, kiti cha rubani ni Martin-Baker cha Uingereza, na rada ya zile za mwanzo ilitoka Israeli. Ila alivyofikiri mimi naona amepotea kabisa.

Tuanze na MiG, ndege za kivita za Kirusi, maana yeye ni shabiki wa MiG tangu tuko shule. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Warusi walijua kuchora mwili wa ndege, lakini injini ya jeti ya maana hawakuwa nayo. Serikali ya waziri mkuu Attlee kule London ikakubali kuwauzia injini za Rolls-Royce, Nene na Derwent. Wakazifungua, wakapima kipande kwa kipande, wakatengeneza za kwao, Nene wakaibatiza RD-45. MiG-15 iliporuka mara ya kwanza Desemba 30, 1947, kifuani ilikuwa na Nene ya Mwingereza. Novemba 1950 ilikuwa kwenye vita vya Korea, inawatoa jasho Wamarekani na washirika wao, Waingereza wakiwemo. Nani leo anasema MiG-15 si ndege ya Kirusi? Hakuna, kwa sababu Klimov, mhandisi wao wa injini, na wenzake hawakuishia kunakili. Waliielewa ile injini mpaka wakaweza kuikuza, wakatoa VK-1 yenye nguvu zaidi. Mwaka ule wa kwanza wangeitwa washona viraka na wao.

Na tusiende mbali. Ndege za F-7 ambazo wengi wetu tumezitazama shingo juu zikipita kwenye sherehe za kitaifa, watoto wakiziba masikio, ni ndege za Kichina. Na F-7 ni nini? Ni MiG-21 kwa jina la pili. Wachina walipata leseni ya kuiunda mwaka 1961, uhusiano wao na Moscow ukiwa umeshaanza kuchacha, na michoro mingine haikufika. Ikabidi wakae chini wajaze wenyewe mapengo. Januari 1966 ya kwao ikaruka.

India nayo ilipewa MiG-21 miaka hiyohiyo, tena kwa urafiki na kwa karatasi kamili. Kiwanda cha HAL, kampuni ya ndege ya serikali ya India, kule Nashik kiliziunda kwa mamia. Nakubali, shingo upande, kwamba leseni ile iliwapa maelfu ya mafundi wanaojua kukunja bati la ndege na kufunga nyaya zake. Lakini ukimwonyesha mtu kila boliti inakokwenda, atajua boliti inakokwenda. Hatajua kwa nini iko pale, na kwa nini si nene zaidi ya vile. Mchina aliyenyimwa kurasa alilazimika kuuliza kwa nini. Mhindi aliyepewa zote hakulazimika. Leo Mchina anarusha ndege za kivita zenye injini alizounda mwenyewe, na India bado inasubiri injini kutoka Marekani.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma hasa: injini.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa na mashua Pangani. Niliiona ikiundwa tangu mataruma, fundi anaiwekea jicho tu, hana mchoro wala rula ya maana. Kalafati ikapigwa na pamba na mafuta, ikashushwa majini kwa nyimbo. Mashine ilikuwa ya Kijapani. Hakuna mtu Pangani nzima aliyewahi kumwambia ile si mashua yako. Ila mwaka mmoja kilivunjika kidude cha ndani ya mashine, kisichozidi kiganja. Dukani mjini akaambiwa aina ile haiji tena, asubiri wamwagizie. Akasubiri wiki saba. Mashua ikalala juu ya mchanga juani, mbao zikakauka, viungo vikaachia, kalafati ikaanza kudondoka yenyewe. Mashine ilipopona, mashua ndiyo ikawa mgonjwa. Sikuwahi kumwona mzee yule mnyonge vile, anakwenda kila asubuhi kuishika ubavuni na kurudi nyumbani.

Ndiyo hadithi ya India nzima katika ndege za kivita, tangu Nehru.

Mwaka 1956 walimleta Kurt Tank, Mjerumani aliyesanifu Focke-Wulf 190 wakati wa vita, akakaa Bangalore na vijana wa Kihindi. Wakachora HF-24, jina lake Marut. Iliruka Juni 17, 1961, umbo la kupendeza kweli, jembamba kiunoni, limechorwa kupita mwendo wa sauti. Injini iliyokusudiwa ilikuwa Orpheus ya Uingereza ya kizazi kipya, yenye kuchoma mafuta ya ziada kule nyuma. Waingereza wakaacha kuiendeleza, India nayo ikakataa kutoa fedha za kuimalizia. Basi Marut ikafungwa Orpheus ndogo mbili za kawaida, na ndege iliyochorwa kwa mwendo wa sauti ikabaki chini yake. Ziliundwa 147. Zilipigana vizuri vita vya 1971 kule jangwa la Rajasthan, mafundi wake wana haki ya kujivunia hadi leo. Lakini ilizeeka ikiwa na mapafu ya mtu mwingine.

Mwaka 1978 likatokea jingine. India ilikuwa inatafuta ndege ya mashambulizi, na Viggen ya Sweden ilikuwa mezani. Sweden, nchi tajiri, isiyofungamana na upande wowote, yenye viwanda vyake. Lakini injini ya Viggen ilizaliwa kutoka kwenye injini ya Pratt & Whitney, na Washington ikasema hapana. Ndege ya Sweden, mnunuzi India, na neno la mwisho linatoka Marekani. Israeli ilikuwa imeonja hilohilo mwaka uliotangulia, ilipotaka kuwauzia Ecuador ndege zake za Kfir zenye injini ya Kimarekani, J79. Wala usidhani yamekwisha. Uturuki iliirusha ndege yake mpya ya kivita, KAAN, Februari 21, 2024 kwa shangwe, na mwaka uliofuata waziri wao wa mambo ya nje akasema wazi kwamba leseni za injini zimekwama kwenye Bunge la Marekani.

Sasa mtu atasema, si watengeneze tu injini yao? Binamu yangu alisema hivyo hivyo. Ndiyo maana naandika.

Ndani ya injini ya jeti kuna mapanga madogo, mengine hayazidi urefu wa kidole, yanayozungushwa na hewa ya moto. Hewa hiyo ina joto linalopita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Madini ya panga lenyewe yanayeyuka kabla ya hapo. Yaani panga linafanya kazi, linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, ndani ya moto ambao kwa haki ungeliyeyusha. Linaokolewa na vitundu vyembamba vinavyopitisha hewa ya kulipoza, na pia na namna lilivyomiminwa: panga zima ni fuwele moja, halina mshono hata mmoja wa ndani ambapo ufa ungeanzia. Ukilikata ulitazame utaona umbo, hutaona kitu kingine. Lilichemshwaje, likapozwa kwa kasi gani, kwa muda gani, hayo hayamo kwenye panga. Yamo vichwani mwa watu wachache katika viwanda vichache duniani, na hawayauzi hata kwa rafiki. Ya mwaka 1947 ulikuwa unaweza kunakili. Haya huwezi.

India ilijaribu. Mradi wa injini yao, Kaveri, ulianza mwaka 1989 ukiwa na lengo la kuibeba Tejas. Ilitoka nzito kuliko ilivyotakiwa, na nguvu haikufika. Mwaka 2008 ikatenganishwa rasmi na Tejas. Mimi siwacheki. Ninachowalaumu viongozi wao, na nawalaumu kweli, ni kuichukulia injini kama kifaa cha kuagiza, kitakuja tu kama kiti na rada vinavyokuja, wakati ndicho kitu ambacho ungepaswa kuanza nacho miaka ishirini kabla ya kuchora bawa. Kiti ukinyimwa utapata kingine. Rada ukinyimwa, ona Wakorea: mwaka 2015 Marekani ilikataa kuwapa teknolojia ya rada ya kisasa kwa ajili ya ndege yao ya kivita, KF-21, wakaunda yao, na Julai 2022 ndege ikaruka. Injini yake? F414, ya General Electric. Hata Mkorea aliyeiweza rada, kwenye injini aliinamisha kichwa.

Na Wahindi nao wana ushindi wao ambao hakuna aliyeutaja kwenye group. Mei 1998 walifanya majaribio ya nyuklia Pokhran, Marekani ikawawekea vikwazo. Wahandisi wao waliokuwa Marekani wakishirikiana na Lockheed Martin kuandaa programu ya kompyuta inayoishika Tejas hewani wakarudishwa kwao, vifaa vikazuiwa huko huko. Tejas haina utulivu wake wenyewe. Imechorwa makusudi hivyo ili igeuke upesi, bila hiyo programu rubani hana chake. Wakakaa Bangalore wakaiandika wenyewe. Januari 4, 2001 ikaruka, ikatua. Kiraka hicho nani aliwashonea?

Lakini injini ikabaki ya kuagiza. Februari 2021 serikali ikasaini mkataba wa Tejas 83 za toleo jipya, na Agosti mwaka huo zikaagizwa injini 99. Kule Marekani laini ya kuunda injini ya aina hiyo ilikuwa imeshafungwa, ikabidi ifunguliwe upya, vipande vikachelewa. Injini ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2025. Wakati huo wote HAL ilikuwa na ndege zimeshaundwa, zimesimama zinasubiri. Kila nilipoisoma habari hiyo nilikuwa naiona mashua ya baba mdogo juu ya mchanga. Na Septemba 26, 2025 MiG-21 za mwisho za India zikastaafishwa pale Chandigarh baada ya miaka zaidi ya sitini, warithi wake wakiwa bado hawajatosha.

Haya ndiyo niliyomwandikia binamu, kwa kifupi chake, usiku wa Jumapili. Alijibu kistaarabu, namshukuru. Akasema basi angalau sisi Waafrika hatujajiaibisha, hatujawahi kujaribu.

Tumejaribu. Helwan, kusini ya Cairo, enzi za Nasser. Willy Messerschmitt mwenyewe alikuwa ameanza kuchora ndege nyepesi ya kivita Hispania, Wahispania wakaiacha, Misri ikaichukua, ikaitwa HA-300. Injini wakamkabidhi Ferdinand Brandner, Mwaustria aliyewahi kufanya kazi ya injini Urusi akiwa mateka wa vita. Na tazama dunia ilivyo ndogo: India iliyokuwa inaililia Marut yake ikaitupia macho injini hiyo ya Helwan, E-300. Rubani aliyeirusha HA-300 kwa mara ya kwanza, Machi 7, 1964, alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Siku hiyo ilikuwa na Orpheus, ya kuazima, kwa sababu E-300 haikuwa tayari. India ikapeleka Marut moja Misri ili injini ya Brandner ijaribiwe humo, na mwaka 1967 ikaruka nayo. Nchi mbili zilizotoka kwenye ukoloni juzi, moja ya Afrika na moja ya Asia, zilifika hapo: injini isiyo ya London, Washington wala Moscow, iko hewani.

Kisha vikaja vita vya Israeli na Waarabu mwaka huohuo, fedha zikakauka, na MiG-21 zilikuwa zinapatikana kwa Warusi. Mei 1969 mradi ukafutwa. Wahindi wakarudi kwao. Wajerumani na Waaustria nao hawakubaki, na ujuzi ukaondoka ndani ya masanduku yao.

Nilituma picha yake kwenye group, ndege ndogo nyeupe yenye bawa la pembe tatu. Safari hii hakuna aliyeweka kikatuni. Mpwa wangu wa Dubai ndiye aliyeuliza iko wapi siku hizi, akipata likizo aende Cairo akaione. Nikamjibu kwamba Cairo hataikuta. Wajerumani waliinunua miaka ya tisini, wakaikarabati kwa miaka, iko kwao Oberschleissheim, karibu na München.