Paka aliyezaa juzi, leo analia tena

Nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu mpaka Unguja, huamini kwamba paka anayenyonyesha hashiki mimba. Ndiyo maana watu hushangaa wanapomwona mama wa vitoto vya wiki tatu akigaragara sakafuni, akiinua kiuno na kulia usiku kucha, huku mapaka shume ya mtaa yamejipanga ukutani. Wengine hudhani anaumwa. Haumwi, ameingia joto, yaani yuko tayari kupandwa.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Kwa paka wengi kunyonyesha huchelewesha joto, likarudi wiki chache baada ya vitoto kuacha ziwa. Lakini wapo wanaoingia joto wiki moja au mbili tu baada ya kuzaa, hasa waliofiwa na vitoto. Isitoshe, yai la paka huachiliwa na tendo lenyewe la kupandwa, kwa hiyo mlango ukiachwa wazi kwa muda mfupi inatosha. Mimba huchukua siku 65 hivi. Akishika mimba vitoto vikiwa na wiki tatu, atazaa tena kabla vitoto hivyo havijatimiza miezi mitatu. Na majike miongoni mwao wanaweza kuingia joto wakiwa na miezi minne au mitano.

Vitabu vya Ulaya husema paka ana msimu: joto huanza siku zinaporefuka na kukoma zinapofupika. Huko, mwenye paka hupata miezi ya kupumua. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, Unguja 6. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, na ukizidi au kupungua haifiki nusu saa. Paka wa huku hana likizo. Asipopandwa, joto humrudia kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kumfunga kizazi, yaani kumtoa kwa upasuaji ovari (vifuko vya mayai), peke yake au pamoja na mfuko wa uzazi.

Wanaopinga nao wasikilizwe. Kumtoa jike kizazi ni kumpiga nusukaputi na kumfungua tumbo. Baadaye hunenepa asipopimiwa chakula. Na gharama yake ni mzigo kwa mtu ambaye paka wake anaishi kwa vichwa vya samaki. Hoja ya kwamba ataacha kukamata panya ni nyepesi, maana uwindaji hautoki kwenye ovari. Ile ya "aachwe azae mara moja kwanza" ndiyo hasa inayoleta madhara: haina faida yoyote ya kitabibu, na jike aliyefungwa kizazi kabla ya kutimiza mwaka hupungukiwa sana na hatari ya saratani ya matiti, ambayo kwa paka mara nyingi ni ile mbaya. Tena aliyetolewa ovari na mfuko wa uzazi hawezi kupata usaha katika mfuko huo. Sindano za homoni za kuzuia joto, ambazo wengine huzikimbilia kwa urahisi wa bei, huongeza hatari ya maradhi hayo hayo.

Pingamizi la dini siwezi kulipita juu juu. Wapo wanazuoni wanaokataza kuhasi mnyama, wakisema ni kumdhuru na kubadilisha maumbile. Wapo walioruhusu penye maslahi. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, kwa mfano, alisema paka wakizidi wakawa kero, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, na ni bora kuliko kuwaua. Sharti hilo la kutodhuru lina uzito wake: linamtaka mwenye paka amtafute daktari wa mifugo aliyezoea paka, maana wengi mkono wao uko kwa ng'ombe na mbuzi.

Tukikubali afungwe kizazi, lini? Kawaida husubiriwa vitoto viache ziwa, wiki ya nane hivi, na matiti yakauke. Kungoja huko kuna busara, kwa sababu matiti yaliyojaa humsumbua mpasuaji. Lakini ni katika wiki hizo hizo mimba ya pili huingia, kwa hiyo asitoke nje hata kidogo. Nyumba isiyoweza kumfungia imwulize daktari kuhusu kumpasua mapema, pengine ubavuni badala ya tumboni. Kutoa ovari hakukaushi maziwa, na mama huendelea kunyonyesha.

Panaponitatiza ni pale anapofikishwa kwa daktari akiwa tayari na mimba. Kitabibu upasuaji unawezekana, na madaktari wengi huufanya mimba ikiwa changa. Lakini aliyekubali kuzuia mimba hajakubali kuitoa, na simlaumu anayemrudisha paka wake nyumbani azae, mradi safari hii mlango ufungwe na tarehe ya kurudi kwa daktari iandikwe kabla hajaondoka.