Picha Imetulia, Programu Imezimia

Sina ugomvi na kompyuta, na naomba jambo hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika. Ugomvi wangu ni na picha. Tena si picha mbaya, bali ile nzuri, iliyopigwa kwenye mwanga wa kupendeza, ikahaririwa kwa subira, ikahamishwa kutoka kwenye programu ya kuhariri hadi kwenye folda, na ambayo ukiifungua kwenye simu inafunguka mara moja kwa uso mkunjufu. Ipeleke sasa kwenye programu ya kupanga albamu. Dirisha linapauka, kiduara kinaanza kuzunguka, na juu kabisa yanatokea maneno mawili: "Programu haijibu." Mtu akifanya hivyo tunasema amenuna. Programu ikifanya hivyo, anayehojiwa ni wewe: utasubiri au utaifunga?

Kuganda kwenyewe ningekuvumilia. Kinachonichoma ni ule ukimya, kwa sababu programu ingekuwa na adabu ya kusema "faili hili limenishinda", tungeagana kwa heshima. Katika ukimya huo ndipo washauri wanapojitokeza. Wa kwanza anakwambia uzime uwashe. Wa pili naye anakwambia uzime uwashe, ila yeye anavua miwani kwanza. Wa tatu anatamka "mbona kwangu inafunguka?", kauli ambayo haijawahi kumsaidia mgonjwa yeyote tangu dunia iumbwe.

Halafu kuna udanganyifu wa ukubwa. Unalitazama faili, linasema megabaiti nane, nawe unajiuliza megabaiti nane zinawezaje kuiangusha mashine nzima. Hizo nane ni za picha iliyobanwa kwa JPEG, muundo wa faili unaoipunguzia picha uzito. Ikifunguliwa, picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24, kila moja inadai baiti tatu, moja kwa kila rangi ya msingi, na hapo tayari kumbukumbu ya kompyuta imebeba megabaiti 72. Programu ikichagua kufanya kazi kwa biti 16, yaani baiti mbili, kwa kila rangi, zinakuwa 144. Hapo sijahesabu nakala inayowekwa kando ili uweze kutengua kosa, wala sijahesabu kwamba hakuna mtu anayeingiza picha moja. Watu wote huchagua folda nzima, hubonyeza kitufe, kisha hushangaa.

Lakini hayo ni ya wazi. Mabaya ni yale ambayo jicho haliyaoni. Picha iliyohamishwa husafiri na mizigo: maelezo ya Exif kuhusu kamera na saa, kijipicha cha kuonyesha haraka, wasifu wa rangi (maelezo ya jinsi rangi zake zinavyopaswa kusomwa), na wakati mwingine historia ndefu ya marekebisho. Kuna hata sehemu ya metadata, yaani ya hayo maelezo yanayofichwa ndani ya faili, inayoorodhesha mababu wa faili, yaani nyaraka zote zilizochangia matabaka yake (vile vipande vya picha vinavyopangwa kimoja juu ya kingine wakati wa kuhariri), na kila unaponakili tabaka kutoka waraka mmoja kwenda mwingine, ukoo mzima unarithiwa. Kipande kimoja cha metadata ndani ya JPEG hakiruhusiwi kuzidi kilobaiti 64, kwa hiyo ukoo mkubwa hukatwa vipande vingi, na programu yenye bidii hukaa chini kuvisoma vyote, babu kwa babu, wakati mimi nilichoomba ni kuona picha ya keki.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2020 picha ya ziwa moja la Montana, Marekani, yenye milima, mawingu na utulivu wote unaoweza kuutamani, ilifanya baadhi ya simu za Android zijizime na kujiwasha mfululizo ilipowekwa kuwa mandhari ya skrini. Haikuwa na kirusi chochote. Ilikuwa imehamishwa ikiwa na wasifu mpana wa rangi ambao mfumo wa simu haukuutarajia. Hesabu ya mwangaza, ambayo kikomo chake ni 255, ikavuka kikomo, na mfumo ukaanguka. Ziwa halikuwa na habari.

Wapo pia wanaobadilisha herufi za mwisho wa jina la faili, wakaandika jpg juu ya picha ya HEIC, ambao ni muundo mwingine kabisa wa faili, wakiamini kwamba wameigeuza. JPEG halisi huanza kwa baiti FF D8 na kuishia kwa FF D9. Programu makini huangalia mwanzo huo, na ile ya kuamini watu huamini jina. Faili likikatika kabla uhamishaji haujakamilika, ule mwisho haupo, na msomaji asiye makini anaweza kuendelea kuungoja.

Mbinu ya kumsaka mkosaji, yaani picha inayoizimisha programu, ninayoiheshimu kwa shingo upande, ni ya kugawa folda nusu kwa nusu: ingiza nusu moja, ikipita salama mkosaji yuko katika nusu ya pili, nayo igawe tena. Kwa picha 1,000 zenye mkosaji mmoja, raundi 10 zinatosha. Akishapatikana, rudi kwenye faili la asili, uhamishe upya kama JPEG ya biti 8, wasifu wa rangi wa kawaida uitwao sRGB, na metadata chache kadiri unavyoweza kuvumilia. Picha inayotoka huwa ni ileile machoni, nayo inaingia kwenye albamu bila kelele, jambo ambalo linaudhi kuliko kuganda.

Shida ni kwamba mara nyingi huwezi kufika kwenye upelelezi huo, kwa kuwa programu ni mwaminifu kupita kiasi: ukiifunga kwa nguvu na kuiwasha upya, inakumbuka folda uliyokuwa nayo, inaifungua yenyewe, inaanza kutengeneza vijipicha, inafika kwa picha ileile, inazimia. Dawa ni kuihamisha folda mahali pengine wakati programu imefungwa. Hapo ndipo utakapoiwasha na kugundua kwamba, kumbe, ulimi inao, kwa haraka ambayo hujawahi kuiona, na kwa lugha fasaha isiyo na kigugumizi, itakuandikia katikati ya skrini: "Folda haipatikani."