Chombo cha kutua mwezini: kirefu au kifupi?

Katika geti la Machame, kabla mgumu, yaani mpagazi wa mizigo ya watalii, hajaruhusiwa kuanza kupanda Kilimanjaro, mzigo wake hutundikwa kwenye mizani, na ukizidi kilo 20 hupunguzwa hapo hapo: jiko linahamishiwa kwa mwenzake, gunia la viazi linafunguliwa. Naishi Moshi na nimeishuhudia shughuli hiyo mara nyingi, nayo hunirudia akilini kila mjadala wa vyombo vya kutua mwezini unapopamba moto.

Chombo cha Apollo, mpango wa Marekani uliopeleka watu mwezini, kilichongwa na mizani. Grumman, kampuni iliyokiunda, iliondoa hata viti, wanaanga wakatua wamesimama. Kilichobaki kilikuwa na urefu wa mita 7 hivi, katika vipande viwili: cha chini kilitumika kutua kikaachwa huko, cha juu kikawarudisha watu. Injini ya kuondokea ilikuwa moja tu, haina ya akiba, na kwa sababu hiyo ilifanywa sahili kadiri ilivyowezekana: haikuwa na pampu, na mafuta yake yaliwaka yenyewe yalipokutana, bila kuhitaji cheche. Katika safari 6 za kutua, kati ya 1969 na 1972, haikushindwa hata mara moja.

Starship, chombo cha kampuni ya SpaceX kilichochaguliwa mwaka 2021 na NASA, shirika la anga la Marekani, inafuata njia nyingine kabisa. Ina urefu wa mita 50 hivi, inatumia methani na oksijeni ya kimiminika, na lazima ijazwe mafuta angani na vyombo vingine kabla ya kuelekea mwezini. Watetezi wake wana hoja nzito. Wanaanga wa Apollo 17 walikaa mwezini siku 3 tu. Anayetaka kufanya kazi kwa majuma kadhaa karibu na ncha ya kusini anahitaji hewa, maji na zana ambazo chombo cha mita 7 hakiwezi kubeba. Tena injini zikiwa nyingi, moja ikizimika si lazima safari iishie hapo.

Wasiwasi wangu uko kwenye miguu. Mvutano wa mwezi ni sehemu moja ya sita ya wetu, kwa hiyo uzito unaokirudisha chombo wima kinapoyumba umepungua, ilhali nguvu ya mwendo wa kwenda pembeni haijapungua hata chembe. Apollo 15 ilitua imeinama nyuzi 11 hivi na bado ikaondoka salama, kwa kuwa ilikuwa fupi na pana. Odysseus, chombo chembamba kisicho na watu, kililala ubavu Februari 2024. Ni haki kusema kwamba vipimo vyake vya leza havikufanya kazi na mguu ulivunjika, wala urefu peke yake haukukiangusha. Vilevile mpangilio wa kuweka injini na matangi chini husaidia kushusha kitovu cha uzito. Lakini vipimo vikikosea, umbo pana husamehe zaidi.

Kwa hiyo ningekubali chombo kirefu kibebe mizigo tangu mwanzo. Kwa watu, ningedai kwanza kitue kitupu kwenye mteremko halisi, kikae siku kadhaa juani na kivulini huku mafuta yake ya baridi kali yakilindwa yasichemke, kisha kiwashe injini na kuondoka chenyewe.