Hiyo TV Ishusheni Jamani

Jumapili tulialikwa kwa ndugu yetu mmoja kuangalia mechi. Wamenunua TV mpya, inchi 55, imefungwa ukutani, nyembamba, picha kali, hakuna hata waya mmoja unaoning'inia. Nzuri sikatai. Ila imefungwa juu huko, imebakiza kidogo iguse dari. Kufika mapumziko nusu ya wageni wameshika shingo, mzee mmoja yeye akaamua kushuka kwenye kochi akalala chali kwenye zulia, na nadhani ndo mtu pekee aliyeinjoi hiyo mechi.

Nimerudi nyumbani nimekasirika kuliko hata waliofungwa magoli. Maana siyo wao tu. Kila nyumba unayoingia siku hizi TV iko juu kama kalenda. Nani katudanganya?

Mi naona tatizo linaanzia siku yenyewe ya kufunga. Fundi kaja na drili, kasimama. Mwenye nyumba kasimama. Shemeji kasimama nyuma anatoa ushauri ambao hajaombwa. Fundi anauliza "boss, hapa au nipandishe kidogo?" na boss anajibu "pandisha kidogo kaka, hapo iko chini sana". Iko chini kwa nani? Kwa wewe uliyesimama! Macho ya mtu mzima aliyesimama yako mita moja na nusu na kitu kutoka sakafuni, akikaa kwenye kochi yanashuka mpaka kama sentimita 100 mpaka 110 hivi. Sasa niambie, lini umeangalia tamthilia ukiwa umesimama wima katikati ya sebule? Unapima kwa macho ya kusimama kitu utakachokiangalia umekaa miaka yote.

Na hesabu yake siyo ngumu. Chukua hiyo hiyo ya inchi 55, kimo chake ni karibu sentimita 68. Ukiweka katikati ya skrini kwenye sentimita 105, ukingo wa chini unakuja kwenye 71, yaani juu ya kabati la TV la kawaida tu na nafasi inabaki. Hapo macho yanatua katikati ya picha bila kuinua kidevu. Sasa ipandishe katikati iwe 170 kama wengi wanavyofanya, ukae umbali wa mita mbili na nusu, macho yanapanda karibu nyuzi 15 kufika katikati tu, na kufika ukingo wa juu ni zaidi ya nyuzi 20. Dakika tano huwezi kusikia kitu. Mechi nzima pamoja na mapumziko, halafu na taarifa ya habari, halafu na ile filamu mliyosema mnaangalia kidogo tu, kesho yake unaamka unalaumu mto.

Halafu siyo shingo peke yake, hata picha yenyewe inaharibika. TV nyingi za LED ukiziangalia kutokea chini, rangi zinapauka, nyeusi inakuwa kijivu. Umelipia picha kali halafu umejinyima mwenyewe. Za OLED, zile ambazo kila nukta ya picha inawaka yenyewe, zinavumilia zaidi, haya, hongera kwa wenye nazo, shingo bado ni ile ile.

Kuna kitu kingine ambacho hata mafundi wazuri kinawapita. Yale matundu manne ya nyuma ya TV ya kufungia braketi (kile chuma kinachoishika ukutani), yanaitwa ya VESA, 200 kwa 200 au 400 kwa 400 au vyovyote TV yako ilivyo (ni milimita kati ya tundu na tundu), mara nyingi hayako katikati ya TV, yako chini zaidi. Kwa hiyo mkikubaliana katikati iwe hapa, fundi akafunga braketi hapo hapo, TV ikipanda inakuwa imeenda juu tena kuliko mlivyosema. Mnaangaliana, kila mtu anaona iko juu, ila mashimo yameshatobolewa na fundi anataka kuondoka, basi mnasema "si mbaya". Ni mbaya! Pima kwanza kutoka ukingo wa chini wa TV mpaka kwenye matundu, ndo uje kuweka alama ukutani.

Au fanya kitu rahisi ambacho hakihitaji hata fundi: lile boksi la TV usilitupe, kata kipande saizi ya skrini, kibandike ukutani kwa tepu ya karatasi, halafu KAA. Kaa unavyokaa siku zote, na ile miguu yako ukiinyoosha unavyoinyoosha. Waite na wengine wa nyumbani wakae. Kikae hapo hata siku nzima. Watu watacheka, waache wacheke.

Najua mtakuja na hoja ya watoto. "Tumeweka juu wasiifikie." Naielewa, na nakubali kabisa kwamba TV iliyosimama tu juu ya meza ni hatari, mtoto anaivuta inamdondokea, na watoto wameumia kweli kwa namna hiyo. Lakini kinachomkinga mtoto hapo ni boliti zilizoshika vizuri kwenye ukuta, siyo kimo. Iliyofungwa vizuri kwenye sentimita 105 haimdondokei mtu. Iliyofungwa vibaya kwenye 180 ndo ikianguka inakuja na kasi zaidi. Vidole vya maandazi kwenye skrini, sawa, hapo mmenishinda, nunua kitambaa laini.

Kuhusu ukuta wenyewe sitaki kuandika sana. Jipsam tupu haibebi TV, tafuta mbao au chuma kilichoko nyuma yake. Tofali lenye uwazi ndani linataka plagi zake maalum, siyo zile zile za kutundikia picha. Usitoboe usawa wa soketi, iwe juu yake au chini yake, maana waya za umeme kwa kawaida zinapita humo. Waya wa umeme wa TV usiuzike ukutani, haukutengenezwa kwa kazi hiyo, bora uwekewe soketi nyuma ya TV. Na tumieni pima maji jamani, siyo jicho la shemeji.

Sehemu moja tu nitalegeza, nayo kwa shingo upande: chumbani. Ukiwa umelala umeegemea mito macho yanaelekea juu kidogo yenyewe, kwa hiyo hapo panda, ila chukua braketi inayoinama ili skrini ikutazame wewe. Mtu ataniambia hata sebuleni aweke juu na hiyo inayoinama. Inasaidia rangi kidogo, kweli. Ila TV ikiinama bado iko juu, na wewe bado umeinua kidevu.

Kwa ambao tayari iko darini, siyo mwisho wa dunia, fungua, shusha, mashimo ya zamani ziba na puti upake rangi. Ukishusha kidogo tu, TV yenyewe inayaficha. Na kama fundi atashangaa kwa nini unamwambia aishushe, usibishane naye. Mwambie akae kwenye kochi kwanza, awashe TV, halafu aulize tena.